Silabi ya Katikati: Jenitivu, Helikopta na Wino Mwekundu

Katika rasimu ya tasnifu ya uzamili iliyowasilishwa kwa msimamizi mwaka 2016, katika idara moja ya Kiswahili, mlikuwamo mstari uliozua jambo kubwa kuliko urefu wake. Mwanafunzi alikuwa akichunguza maneno ya mkopo yanayohusu vyombo vya usafiri. Alipofika kwenye neno helikopta aliligawa sehemu mbili, heli na kopta, akadai kwamba hivyo ndivyo msemaji wa Kiswahili anavyolihisi neno hilo. Mhadhiri aliyemsimamia, mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, aliukata mstari huo kwa wino mwekundu, akaandika pambizoni maneno matatu: "Kosa. Soma Kigiriki."

Lau mambo yangeishia pambizoni, yamkini pasingekuwa na la kusimuliwa. Lakini siku ya semina ya idara, mbele ya wahadhiri wenzake na wanafunzi wa uzamili, mhadhiri alilirejelea kosa lile. Alieleza kwa ufasaha, na kwa kejeli kidogo, jinsi mtu asiyejua Kigiriki anavyoweza kulikata bawa la ndege akidhani anakata mkia. Watu walicheka. Kicheko hakikuwa kirefu, wala hakikukusudiwa kuumiza. Mwanafunzi aliandika kila alichoambiwa, akashukuru, akaketi. Baada ya miezi mitatu alirudisha sura nzima ikiwa imeandikwa upya. Alifuzu. Pendekezo la utafiti wa uzamifu, ambalo alikuwa amekwisha kulizungumza na msimamizi wake mara mbili, hakulileta kamwe. Aliajiriwa katika ofisi isiyohusiana na lugha, na idara ikamsahau kama idara zinavyosahau.

Mhadhiri hakulihesabu jambo hilo kuwa lake hadi alipostaafu. Alipokuwa akiondoa makaratasi yake katika ofisi, alizikuta rasimu zote mbili ndani ya jalada moja, akaketi kuzisoma. Ya kwanza ilikuwa na makosa, tena mengi, lakini kila ukurasa ulikuwa na swali. Ya pili haikuwa na kosa hata moja, wala haikuwa na swali. Neno helikopta lilikuwa limefafanuliwa kwa usahihi kamili, kwa maneno yaleyale ya msimamizi, na baada ya ufafanuzi huo mwandishi hakuwa na jambo lolote la kusema. Hapo ndipo mzee alipoanza kujiuliza ni kitu gani hasa alichokisahihisha.

Aliporudi nyumbani alianza na lile alilokuwa na hakika nalo, yaani Kigiriki. Alikuwa amejifunza lugha hiyo ughaibuni akiwa kijana, na somo la kwanza alilofundishwa ni kwamba nomino haijulikani kwa sura yake ya kiima peke yake. Neno la Kigiriki lenye maana ya msokoto, kitu kilichojizungusha kama mzabibu au parafujo, ni helix. Neno lenye maana ya mwali wa moto ni phlox. Yote mawili yanaishia kwa sauti moja. Mtu anayeyasikia katika uhusika wa kiima, yaani nominativu, hana njia ya kutambua kwamba ndani ya lile la kwanza mna k na ndani ya lile la pili mna g, kwa kuwa konsonanti hizo zote humezwa na s inayozifuata. Siri hiyo hufichuliwa na uhusika wa umilikaji, yaani jenitivu: helikos, "ya msokoto", phlogos, "ya mwali". Ndiyo maana kamusi za Kigiriki huliandika neno pamoja na jenitivu yake, mithili ya mtu anayetajwa pamoja na ukoo wake ili asichanganywe na mwingine.

Mwaka 1861 Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt, ambaye pamoja na shauku yake ya vyombo vya angani alikuwa mtaalamu wa sarafu za kale, alihitaji jina la chombo alichokuwa akikiwaza: chombo cha kujiinua wima kwa mabawa yanayozunguka kama parafujo. Alilitwaa shina la helix kama linavyojitokeza katika jenitivu, yaani helik-. Akalitwaa pteron, "bawa". Akayaunga kwa irabu o, ambayo katika Kigiriki ndiyo gundi ya kawaida ya maneno ambatani. Likapatikana neno la Kifaransa hélicoptère. Kielelezo chake kilichoendeshwa kwa mvuke hakikufaulu kupaa, lakini neno lake lilipaa. Lilisubiri miongo mingi hadi vikapatikana vyombo vya kutegemewa: Fw 61 ya Ujerumani iliruka mwaka 1936, na VS-300 ya Igor Sikorsky ikaruka nchini Marekani mwaka 1939, ikiwa bado imefungwa kamba. Hata ndugu yake, ornithopta, chombo cha kupiga mabawa kama ndege hai, kilipewa jina kwa kanuni ileile: ornis ni ndege, ornithos ni "ya ndege", na ile th inayosikika ndani ya jina la chombo isingalionekana pasipo jenitivu.

Kwa hiyo mpaka halisi wa neno uko kati ya helik-o na pter. Waingereza na Wamarekani, ambao wengi wao hawakuwa na haja ya kujua hayo, walilikata mahali pengine. Kufikia katikati ya karne ya 20 walikuwa na copter kama kifupisho, na heli kama kiambishi cha kuundia majina ya viwanja na vituo vya kutulia. Hivi leo vyombo vidogo vyenye rota nne, vinavyorushwa na vijana viwanjani kupiga picha za harusi, huitwa kwadikopta. Kile kipande cha kopta hakina bawa zima wala msokoto mzima. Kina mkia wa neno moja na kichwa cha jingine.

Mhadhiri alipolitamka neno hilo polepole kwa Kiswahili aligundua jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yote aliyofundisha fonolojia. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika helikopta, silabi hiyo ni kop. Sauti ya k ni ya msokoto. Ni ile iliyookolewa na jenitivu. Irabu o ni ya kiungo. Sauti ya p ni ya bawa. Silabi moja, iliyo ndogo kuliko zote kwa maana, ndiyo iliyobeba sehemu zote tatu za ujenzi wa neno, na ndiyo ambayo Mswahili, bila kuambiwa na mtu, huitilia nguvu ya sauti. Mwanafunzi alikuwa ameweka kisu upande wa kushoto wa silabi hiyo. Mhadhiri alikuwa amedai kisu kiwekwe ndani yake. Hakuna kati yao aliyeuliza kwa nini Mswahili hakuweka kisu popote, bali mkazo.

Tangu hapo mzee alianza kufuatilia uhusiano baina ya sarufi na chombo hicho kwa udadisi ambao wenzake waliuona kuwa wa ajabu. Uhusiano wenyewe ulikuwa wa kina kuliko alivyotarajia, kwa sababu haukuishia kwenye jenitivu. Ulifika kwenye dhana yenyewe ya uhusika.

Wagiriki waliuita uhusika ptosis, neno lenye maana ya "anguko". Warumi wakalitafsiri kwa casus, ambalo pia ni anguko. Aristotle alilitumia neno hilo kwa mapana. Kwake, sura kama "ya Philo" au "kwa Philo" si majina bali ni maanguko ya jina. Jina lenyewe ni lile la kiima, lililosimama. Mengine yote yameanguka kutoka kwake. Wastoiko hawakukubaliana na mpaka huo. Wao waliihesabu nominativu nayo kuwa uhusika, wakaiita anguko lililo wima, na nyingine wakaziita za kulala upande. Wafuasi wa Aristotle waliwauliza: kitu kilichosimama wima kimeanguka kutoka wapi? Ammonius, aliyefundisha Aleksandria katika karne ya 5 na ya 6, ameihifadhi hoja hiyo pamoja na jibu lake. Wastoiko walisema kwamba jina huanguka kutoka katika wazo lililomo nafsini. Ama kuhusu wima wake, walitoa mfano wa kalamu ya kuchorea: ikiachiliwa kutoka juu nayo ikachoma chini na kusimama, imeanguka, na imeanguka wima.

Zaidi ya hayo, wanaisimu linganishi wengi wamelihusisha neno ptosis, anguko, na pteron, bawa, kupitia mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya uliobeba maana za kuruka na kushuka kwa kasi. Wapo wataalamu wa karibuni wanaoona kwamba mizizi ilikuwa miwili iliyofanana sauti, na hoja zao si za kupuuzwa. Vyovyote iwavyo, maneno hayo yaliishi jirani katika sikio la Mgiriki. Mtu atamkaye helikopta, na mtu afundishaye uhusika, wote wawili wanagusa kizingiti cha nyumba moja: ya kitu kilicho hewani ambacho hakijaamua kitatuaje.

Jambo hili halikuwa geni kwa mhadhiri kama angelikumbuka utoto wake. Alilelewa Lamu, na kabla ya kukijua Kigiriki alikaa mkekani akihifadhi Ajurrumiyya, kijitabu cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani ya Afrika Mashariki wamefunguliwa nacho mlango wa Kiarabu. Humo nomino huwa na hali tatu. Ya kwanza ni raf'u, kuinuliwa. Ya pili ni nasbu, kusimikwa. Ya tatu, iliyo sawa na jenitivu, huitwa khafdhi, kushushwa. Wanasarufi wa Basra walipendelea kuiita jarri, kuvutwa. Wale wa Kufa, ambao Ibn Ajurrum aliwafuata katika istilahi hii, waliiita kushushwa. Alama yake ya msingi, kasra, huandikwa chini ya herufi, hivi kwamba mtoto asiyejua nadharia yoyote huona kwa macho kwamba jina limeteremka. Si lazima watu wa Kufa wawe wamewaiga Wastoiko. Yatosha kwamba mataifa mawili, kila moja kwa njia yake, yalipoyatazama majina yakibadilika miisho yaliona mwendo wa juu na chini. Mtoto wa Lamu alifundishwa kwamba jina la mwenye mali hushushwa. Kijana aliyekwenda ughaibuni akafundishwa kwamba limeanguka. Ilimchukua miaka hamsini kugundua kwamba alifundishwa somo moja.

Chombo chenyewe nacho kina mengi ya kusema juu ya kuanguka. Watu wengi hudhani kwamba helikopta iliyozimika injini huporomoka kama jiwe. Sivyo ilivyo, mradi iwe juu vya kutosha, rota yake iwe nzima, na rubani awe mwepesi. Injini ikifa, klachi maalumu huiachilia rota ili izunguke huru. Rubani huteremsha mara moja wenzo unaopunguza mwinamo wa mapanga yote kwa pamoja. Chombo huanza kushuka, na hewa inayopanda kutoka chini hupita kati ya mapanga na kuyazungusha, kama upepo uzungushavyo kishada cha karatasi cha watoto. Anguko lenyewe ndilo linalolisha mzunguko. Karibu na ardhi rubani huinua pua ya chombo ili kupunguza kasi, kisha huongeza mwinamo wa mapanga na kuitumia nguvu iliyohifadhiwa katika mzunguko ule kwa mara ya mwisho, ili chombo kitue kwa upole. Kimeanguka, na kimeanguka wima.

Mhispania Juan de la Cierva aliielewa siri hiyo mapema. Mwaka 1919 ndege yake ya injini tatu ilipoteza mwendo ikiwa karibu na ardhi na kuanguka, naye akaanza kutafuta chombo ambacho mabawa yake hayatategemea mwendo wa chombo kizima. Mwaka 1923 ototjiro yake iliruka huko Getafe, karibu na Madrid: chombo chenye rangaboi la mbele la kukivuta, na juu yake rota isiyosukumwa na injini yoyote, inayozungushwa na hewa tu safari nzima. Tunda la kazi hiyo ndilo lililozifaa helikopta zilizofuata. Cierva mwenyewe alikufa Desemba 1936 huko Croydon, katika ajali ya ndege ya kawaida ya abiria, ya mabawa yasiyozunguka.

Ni kweli kwamba si kila anguko huwa la wima. Wakenya hawahitaji kuelezwa. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ilianguka Ngong na kumuua Waziri George Saitoti na wenziwe. Tarehe 18 Aprili 2024 nyingine ya jeshi ilianguka Elgeyo-Marakwet na kumuua Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi waliokuwa naye. Mhadhiri alikuwa amestaafu tayari aliposikia habari hiyo ya pili redioni, na kwa siku kadhaa hakuweza kuyagusa maandishi yake kuhusu ptosis. Ilimdhihirikia kwamba istilahi za wanazuoni hukopwa kutoka kwa mambo yanayoumiza kweli, na kwamba anayezitumia kwa mzaha hana budi kukumbuka zilikotoka. Aidha ilimdhihirikia kwamba katika semina ile ya mwaka 2016 kulikuwa na mtu aliyeangushwa kutoka juu, na hapakuwa na aliyemtayarishia pa kutua.

Hadi hapo mzee alikuwa bado na silaha moja: hata kama alikosa adabu, alikuwa na haki kisarufi. Silaha hiyo ilimponyoka kwa njia asiyoitarajia. Alikuwa akipita sokoni, mtu akamwita, "Mwalimu!" Aligeuka kama alivyogeuka maelfu ya mara. Safari hii alilisikia neno.

Mwalimu linatokana na muallim la Kiarabu. Mzizi wake ni konsonanti tatu, ain, lam na mim, zilezile zilizomo katika elimu, maalumu na ulamaa. Ile mu ya mwanzo ni kiambishi cha Kiarabu cha kuundia jina la mtendaji. Haina uhusiano wowote na ngeli ya watu katika lugha za Kibantu. Mswahili hakuuliza. Alisikia m mwanzoni mwa jina la mtu, akaikata kama anavyoikata katika mtu na mkulima, akaweka wa mahali pake: walimu. Kisha akaweka u: ualimu. Vivyo hivyo munajjim akawa mnajimu, wenziwe wakawa wanajimu, na kazi yao ikawa unajimu. Cheo ambacho mhadhiri alikibeba kwa fahari miaka arubaini kilikuwa kimepatikana kwa kisu kilekile alichokipiga marufuku.

Hata alichokishika mkononi alipokuwa akifundisha kilikuwa hivyo. Kitab la Kiarabu lina mzizi k, t, b, ulio hai katika katibu, maktaba na mkataba. Mswahili alisikia ki, akaidhania kuwa ya ngeli ya vitu, akasema vitabu. Mtu mwenye ukaidi wa mhadhiri angeweza kusema kwamba hayo ni mabadiliko ya umbo la wingi tu. Lakini lugha haikuishia hapo. Ilipotaka kukidogosha kitabu ilisema kijitabu, ikaingiza ji mahali ambapo hapana mpaka wowote katika Kiarabu, na ile k ya mzizi wa Kisemiti ikabaki upande wa kiambishi, imetengwa na ndugu zake t na b. Katibu na kijitabu ni watoto wa baba mmoja, lakini wakikutana njiani hawajuani. Na kilabu, kutoka Kiingereza, kikawa na vilabu. Kipilefti, lililotokana na amri ya barabarani ya kushika kushoto, likawa na vipilefti. Hakuna mtahini yeyote anayewaandikia Waswahili wote kwa wino mwekundu, "Someni Kiarabu."

Tena sayansi yenyewe ya sarufi haikusalimika. Wagiriki waliiita jenitivu genike, neno ambalo, kwa maoni ya wanahistoria wengi wa sarufi, lilihusu jinsi au aina ya kitu. Warumi walipolitafsiri walilisikia kama la kuzaa, wakapata genetivus. Waliposhughulikia uhusika wa yambwa, uliopewa na Wagiriki jina la kuhusu kilichosababishwa, walilisikia kama la kushtaki, wakauita accusativus. Tangu hapo wanafunzi wa Ulaya wamekariri kwa karne nyingi majina ya uhusika yaliyozaliwa na tafsiri potofu, na sarufi imeendelea kufanya kazi yake. Kosa likikaa muda wa kutosha na likafanya kazi, huitwa istilahi.

Je, basi mwanafunzi alikuwa na haki? Hapa mhadhiri alijizuia kuruka kutoka kosa moja hadi jingine. Si kweli kwamba kila mkato ni halali kwa kuwa mkato wa kitabu umekuwa halali. Kitabu kina ushahidi: kina vitabu, kina kijitabu. Mwalimu ana walimu na ualimu. Lugha yenyewe imeweka sahihi yake chini ya mkato huo. Katika Kiswahili sanifu neno helikopta halijatoa ushahidi wa namna hiyo. Wingi wake hauna badiliko: helikopta moja, helikopta tatu. Hakujasikika kikopta chenye wingi wa vikopta. Vijana wa mjini hufupisha kwa kusema chopa, ambalo ni neno jingine kabisa. Kwadikopta liliingia likiwa limekwisha kukatwa na Waingereza. Halithibitishi kwamba kisu ni cha Mswahili. Kwa hakika Kiswahili kilikuwa na njia yake tangu zamani ya kulipatanisha jambo la chombo cha angani, na njia hiyo si ya kukata wala ya kuangusha. Kilikiita ndege, jina la kiumbe, kisha kikaachia upatanisho uamue. Ndege ametua mtini. Ndege imetua uwanjani. Nomino haikuguswa. Hata panapotakiwa umilikaji, jina la mwenye mali halishushwi wala halianguki. Mwalimu hubaki mwalimu katika kitabu cha mwalimu, na kazi yote ya jenitivu hubebwa na kile kiunganifu kidogo cha -a, kinachopatana na kitu kinachomilikiwa. Kiunganifu hicho hufanya kazi inayokaribiana na ile ya o katika helikopta. Ni kiungo, hakina fahari, lakini pasipo hicho bawa haliujui msokoto wake.

Kwa hiyo palikuwa na kasoro katika mstari ule wa mwanafunzi, lakini haikuwa ile iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Mwanafunzi alikuwa ametoa dai juu ya hisia ya msemaji wa leo; mhadhiri akamjibu kwa habari za Mfaransa wa 1861. Dai la kisinkronia halipingwi kwa historia, kama vile haki ya mtu ya kukaa katika nyumba haipingwi kwa kuonyesha aliyechimba msingi wake. Swali lililostahili kuulizwa lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: ushahidi uko wapi? Kama kopta ni mofimu katika kinywa cha Mswahili, nionyeshe kijitabu chako. Swali hilo lingemtuma mwanafunzi viwanjani, karakana na mitandaoni, akasikilize watu wanavyounda majina ya vyombo vipya. Huenda angerudi mikono mitupu na kuliondoa dai lake mwenyewe. Huenda angerudi na neno ambalo hakuna mzee yeyote wa idara aliyelisikia. Katika hali zote mbili angerudi na utafiti wa uzamifu.

Tofauti baina ya maneno yale matatu na swali hili moja ndiyo tofauti baina ya maanguko mawili waliyoyabishania Wastoiko na wapinzani wao. Neno la msimamizi huanguka kutoka juu; hilo haliepukiki, kwa kuwa amewekwa juu. Lakini laweza kuanguka likalala kifudifudi juu ya ukurasa na kuufunika, na laweza kuanguka likachoma na kusimama, mtu akapata cha kushika.

Mzee aliitafuta namba ya simu ya mwanafunzi wake kupitia kwa wenzake wa zamani. Alikuwa ameandaa maelezo marefu kuhusu jenitivu, Ammonius na silabi ya kop. Simu ilipopokewa upande wa pili, sauti ilisema, "Shikamoo, Mwalimu." Mzee aliitikia. Kisha akaacha maelezo yote aliyoyaandaa, akauliza kama katika miaka hii, huko mjini, amepata kumsikia mtu akisema kikopta.

Palikuwa na kimya kifupi.

"Nimesikia, Mwalimu," alijibiwa. "Ila sikuwa na pa kuandika."